Mche Mmoja Unatosha

Sajini Swaleh alirudi kutoka Sirari amechoka mpaka kope zinamuuma. Mvua ilikuwa imemnyeshea njia nzima, mnyororo wa baiskeli ya serikali ulikatika mlimani, na kitu alichokifuata huko hakikuwepo. Alitumwa akatafute stroberi zilizoibwa. Ndiyo, stroberi! Mtu ametumikia polisi kutoka Tanga mpaka Mara, amekimbizana na wezi wa ng'ombe mpaka mishale ikampita masikioni, halafu uzeeni anaambiwa akafuate vijitunda vya wazungu. Alijibwaga kwenye kiti cha ofisini, akavua viatu, akayatazama maji yakichuruzika sakafuni.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Pale Nkende, chini kidogo ya boma la Tarime, Bwana Shamba wa wilaya alikuwa na bustani iliyozungushiwa senyenge. Kwa miaka mingi alikuwa akizipandisha stroberi za namna hii na za namna ile, kama mtu anavyopandisha ng'ombe, akitafuta moja itakayostahimili baridi ya asubuhi na jua la mchana la milima hii. Mwisho akaipata, akaiita Nkende. Sasa, mwaka huu wa hamsini na sita, mtaalamu wa matunda alikuwa njiani kutoka Nairobi kuja kuitazama na kuandika sifa zake, jani lake, ua lake, tunda lake, ili ijulikane kuwa ni aina mpya ambayo haijapata kuwako. Basi kabla mtaalamu hajafika, usiku mmoja wa mvua kubwa, miche yote ya Nkende iling'olewa. Haukubaki hata mmoja wa kutambikia.

Mtu alikuwa amekwisha kukamatwa. Aliitwa Machage, kibarua wa bustani hiyo hiyo. Filemoni, msaidizi wa Bwana Shamba, alisema alimwona kwa macho yake akitoka getini usiku ule na gunia mgongoni. Askari walipomfuata asubuhi walimkuta na jeraha begani, shati limejaa tope. Walipomuuliza alilala wapi alifunga mdomo, na hakuufungua tena. Kesho adhuhuri lori la polisi lilikuwa limchukue Musoma, mahakamani. Bwana Inspekta alishasema kifungo hakitapungua miaka miwili, maana mali ilikuwa ya serikali, na Bwana Shamba alikuwa mzungu mwenzake na rafiki yake.

Ni Filemoni pia aliyesema kuwa miche ile imevushwa kwenda kuuzwa kwa wazungu wa Kenya. Ndiyo maana Swaleh alikwenda Sirari. Huko alimwendea Athuman, mchuuzi wa matunda, mtu ambaye hakuna kitu kilichovuka mpaka asikijue.

"Stroberi?" Athuman alicheka mpaka akashika mbavu. "Sajini, wamekuchezea mzee wangu! Nani azinunue? Wazungu wa Kericho wanazo zao tele. Na matunda yenyewe yanaoza kabla hujamaliza kupatana bei."

"Si matunda. Miche. Gunia zima."

"Gunia zima la nini? Jirani yangu mmoja alipewa mche mmoja tu na bwana wake. Mwaka haujaisha ana shamba. Ile kitu inatambaa bwana, usipoizuia inakuingilia chumbani."

Swaleh alimshukuru, akageuza baiskeli. Lakini neno lile la mche mmoja alipanda nalo mlima mpaka Tarime, na sasa lilikuwa limekaa naye hapo ofisini, na miguu yake mitupu iliyokunjamana kwa maji. Akavaa tena viatu vilivyolowa. Akaenda mahabusu.

Machage alikuwa mtu wa miraba minne, amekaa chini na mikono juu ya magoti, bega moja limevimba. Alimwamkia kwa heshima kama kawaida yake.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kesho unakwenda Musoma."

"Nimesikia."

"Miaka miwili, mura, kijana wangu. Nani atamlimia mkeo Agustina na watoto?"

"Mungu yupo."

"Mungu yupo, lakini jembe hashiki. Niambie ulilala wapi usiku ule. Kama ulikuwa kwa mke wa mtu, sema, mimi si padri."

Machage aliinua kichwa haraka, macho yakamwaka. "Sikuwa kwa mke wa mtu."

"Ulikuwa wapi?"

"Afande, nifungeni tu."

Swaleh alisimama pale akijishika kiuno. Wezi aliwajua. Mwizi hukana mpaka akikutwa na mkia wa ng'ombe mkononi. Asiye na hatia naye hupiga kelele mpaka jirani wasikie. Huyu wa kuomba afungwe hakuwa amepata kumwona, na kwa kweli alimuudhi, maana mtu akikataa kujitetea anakuachia wewe kazi yote.

Akaenda kwenye sanduku la vielelezo, akalitoa shati la Machage. Tope lilikuwa limekauka. Alilifikicha kwa vidole, likatoka vumbi jekundu lenye vipande vya nyasi vilivyokatwakatwa. Alilinusa. Kisha akamwita askari Waisiko, Mkurya wa huko huko, aliyekuwa mkalimani wake kila walipokwenda vijijini.

"Tope hili ni la wapi?"

Waisiko alinusa. "La nyumba, afande. Lina mavi ya ng'ombe. La kukandikia ukuta."

"Na udongo wa bustani ya Bwana Shamba ukoje?"

"Mweusi."

"Sisi tuliandika kwamba shati lilikutwa na tope la bustani."

"Tuliandika, afande," alisema Waisiko, akatazama pembeni.

"Haya. Ndivyo tunavyofanya kazi."

Walishuka Nkende kwa miguu. Filemoni walimkuta bustanini, kijana nadhifu, kaptula yake imepigwa pasi ikasimama. Bwana Shamba alikuwa amemwombea nafasi ya kwenda kusomea kilimo Uganda, na habari hiyo hakuna aliyekuwa hajaisikia pale Tarime, maana Filemoni mwenyewe aliitangaza. Tuta la Nkende lilikuwa tupu. Udongo ulikuwa umechimbuliwa kutoka mwanzo wa tuta mpaka mwisho, kila shimo mahali pake.

"Bwana Shamba anaendeleaje?" Swaleh aliuliza.

"Homa bado imemlaza. Tangu arudi likizo Ulaya hajapata nguvu. Hata bustani hajaikagua."

"Pole yake. Hebu nielimishe, kijana, mimi mtu wa nazi. Aina mpya inapatikanaje?"

Filemoni aliupenda ualimu, uso wake ukafunguka. "Unachukua ua kabla halijachanua. Unaondoa vya kiume vyote kwa kibano, unapaka chavua ya aina nyingine kwa brashi, halafu unalifunika kwa mfuko wa karatasi nyuki asije akakuvurugia. Tunda likiiva, unapanda mbegu zake. Itaota miche mingi, kila mmoja na sura yake, ndugu wa tumbo moja lakini hawafanani. Unachagua mmoja tu, mingine unatupa."

"Na huyo mmoja ukishampata, unapanda tena mbegu zake?"

"Hapana!" Filemoni alicheka. "Ukipanda mbegu umerudi ulikotoka, unapata mchanganyiko. Unaacha mche utoe kamba. Kamba inatambaa chini, ncha yake inatia mizizi, unapata mtoto ambaye ni mama yule yule. Jani lile lile, tunda lile lile. Mtaalamu akija, anataka mche wa kwanza na wa mwisho isipishane hata unywele. Ikipishana, hiyo si aina. Hakuna cha kuandika."

"Basi mwizi aliyeitaka Nkende alihitaji miche mingapi?"

Filemoni alianza kujifuta udongo kwenye kaptula.

"Mmoja unatosha, siyo?"

"Labda hakujua, afande."

"Machage? Anayezikata kamba hizi kwa mikono yake, asijue?"

Filemoni alitazama saa yake, akasema Bwana Shamba atakuwa anahitaji dawa, akaondoka. Swaleh alibaki amechuchumaa kando ya tuta, magoti yakimlalamikia. Mwizi huchukua kinachomtosha, akakimbia. Aliyekaa usiku ule kwenye mvua akang'oa mpaka mche wa mwisho hakuwa anaiba, alikuwa anaficha. Kulikuwa na kitu katika tuta lile ambacho mtaalamu hakutakiwa akione. Lakini kitu gani? Na angekionaje yeye, wakati hata jani halikubaki?

"Waisiko," alisema bila kuinuka, "ukuta wa nani ulianguka usiku ule?"

"Kuta nyingi, afande, mvua ilikuwa kubwa. Hata mama yake Agustina, kule Susuni, nyumba ilimwangukia akavunjika mguu. Agustina alikuwa huko tangu kabla ya mvua, sasa anamuuguza."

Swaleh alifumba macho. "Mama mkwe wa Machage."

"Ndiyo."

"Na mlikuwa mnanificha?"

"Hukuuliza, afande."

Walipata lifti ya gari la mahindi mpaka karibu na Susuni, kilichobaki wakakimalizia kwa miguu, wakafika jua limeinama. Bibi Bhoke walimkuta nje, ameketi kwenye ngozi, mguu umefungwa kwa vijiti na kamba za katani. Alikuwa mwembamba, mjane wa siku nyingi, mwenye sauti ya kuamrisha. Nyuma yake ukuta mmoja wa nyumba ulikuwa mbichi, umekandikwa upya, mwekundu. Agustina, binti yake, alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akawatazama polisi.

"Shikamoo, mama," alisema Swaleh.

"Marahaba, baba. Mmekuja kunifunga na mimi?"

"Tumekuja kukupa pole."

"Pole ya polisi!" alisema Bhoke, lakini akamwashiria Agustina alete kigoda.

Swaleh alikuwa anageuka kukaa alipoziona. Pembeni ya nyumba, chini ya migomba, stroberi zilikuwa zimetandaza majani yake ardhini, kijani kibichi, nyingi. Basi safari yote hii, na shati, na tope, na akili zake zote, kumbe kijana ni mwizi tu na mali ameileta ukweni! Hapo angeweza kulia, kwa uchovu tu.

Akazifuata hata hivyo, akapiga goti. Alivuta kamba moja taratibu. Ilitoka kwenye mche mkubwa ikaingia kwenye mche mdogo wenye mizizi imara, na huo mdogo nao ulikuwa umetoa kamba yake, ukazaa mwingine, na ile kamba ya kwanza ilikuwa imekwisha kukauka. Mama, mtoto, mjukuu. Miche iliyoibwa juzi haiwezi kuwa na wajukuu.

"Hizi mmezipata lini?" aliuliza.

Agustina ndiye aliyejibu. "Kiangazi kilichopita. Filemoni alimwambia mume wangu azing'oe kamba zilizozidi, azichome moto. Akaniletea mimi. Alisema kitu kinachotaka kuota hawezi kukichoma."

"Zote kutoka tuta la Nkende?"

"Zote."

Swaleh alitazama tena. Sasa alitazama kama alivyofundishwa mchana ule. Huu ulikuwa na jani la duara, lenye manyoya. Ule jani lake lilikuwa refu, linang'aa. Wa tatu ua lake lilijificha chini ya majani, wa nne ua limesimama juu kabisa. Watoto wa kamba, kutoka tuta moja, aina moja, na hawakufanana hata kidogo. Tuta la Nkende lilikuwa limechanganyika. Mtu alikuwa amelijaza miche iliyoota kwa mbegu, Bwana Shamba akiwa likizo Ulaya, na mtaalamu angefika angelijua hilo kabla hajavua kofia. Na aliyekuwa akilitunza ni mmoja tu, Filemoni.

Alirudi akaketi. Lililobaki lilikuwa dogo, alidhani.

"Mama, siku ukuta ulipoanguka, nani alikutoa?"

Bhoke aligeuza uso. Agustina akaingia ndani.

"Ni Machage, siyo? Alimfuata mkewe hapa, mvua ikamzuia kurudi. Tope la ukuta wako liko kwenye shati lake. Bega lake limechunwa na mti wa ukuta wako. Sema tu hivyo mbele ya Inspekta, mama, na kesho analala kwake."

Kikongwe alivuta nguo yake, akajifunika uso. Ulikuwa ukimya ule ule wa mahabusu. Waisiko akamshika Swaleh mkono, jambo ambalo askari hamfanyii mkubwa wake, akamvuta mpaka kwenye migomba.

"Afande, usimuulize tena."

"Kwa nini? Mtu ameokoa roho ya mama mkwe wake, ni aibu hiyo?"

"Wewe umekaa na sisi, afande, lakini hujatujua. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawapeani hata mkono. Akimwona njiani anapita kando. Chumba anacholala haingii, hata kuwe na nini. Na ule ulikuwa usiku, yule ni mzee, alikuwa amelala." Waisiko aliteremsha sauti. "Hakuwa na nguo. Akambeba."

Swaleh aliutazama ule ukuta mbichi.

"Likisemwa mbele ya watu, nyumba ya Machage imekwisha. Agustina hataweza kukaa na mtu aliyemwona mama yake hivyo. Na huyu bibi hataweza kupita mbele ya watu tena. Ndiyo maana anaomba afungwe. Mimi pia ningeomba."

Ilikuwa zamu ya Swaleh kuona aibu. Alirudi kwa Bhoke, akachuchumaa mbele yake, akisema na ile nguo iliyomfunika uso.

"Mama, nimekosa kuuliza. Sitasema kitu. Ushahidi ninao mwingine, hizi stroberi zako zitanitosha."

"Na zisipotosha?" ilisema sauti chini ya nguo.

Swaleh aliomba debe, akachimba miche miwili, wa jani la duara na wa jani refu, akaaga.

Kesho yake, adhuhuri ikikaribia, debe lilikuwa juu ya meza ya Bwana Inspekta. Lori lilikuwa uani, dereva analipasha moto. Machage aliletwa na pingu, akasimamishwa karibu na dirisha. Filemoni aliitwa kama shahidi. Swaleh alieleza yote polepole, kamba, mbegu, mtoto na mjukuu, majani mawili yasiyofanana. Alieleza vizuri. Hakuwa ameeleza vizuri hivyo kwa miaka. Inspekta alisikiliza akigongagonga kiko chake mezani.

"Sajini, miche hii imetoka wapi?"

"Susuni, bwana. Kwa mama mkwe wa Machage."

"Filemoni, hii ni miche ya bustani yetu?"

"Ndiyo, bwana. Ni yetu."

"Na majani haya, mbona hayafanani?" Swaleh alimkatiza.

"Udongo, afande. Udongo wa kule ni mwingine." Jasho lilimtoka Filemoni juu ya mdomo, lakini sauti yake haikutetemeka.

Inspekta alitabasamu. "Umefanya kazi nzuri, Sajini. Mali imepatikana kwa jamaa wa mwizi. Maneno mengine ya majani na wajukuu, hakimu hana nafasi. Pakia."

Loo! Swaleh alijisikia amepigwa kofi kwa mkono wake mwenyewe. Miche aliyoileta kumwokoa Machage ndiyo iliyomfunga. Alianza kusema kuwa Bwana Shamba aamshwe hata na homa yake aje aitazame, lakini Inspekta alishasimama, alishachukua kofia. Uani sauti zikasikika. Waisiko alichungulia, akarudi ana haya usoni.

"Afande, bibi amekuja."

Wanaume wa Susuni walikuwa wamembeba Bhoke kwenye machela ya miti, wamesafiri naye tangu kabla ya mapambazuko, wakamtua barazani, nje ya mlango kabisa. Mlango ulikuwa nusu wazi. Hakuonekana ila ncha ya mguu uliofungwa vijiti.

"Nimekuja kusema," sauti yake iliingia ndani, imechoka lakini imenyooka. "Mkwe wangu hafungwi. Nitasema alikuwa wapi usiku ule. Niulizeni."

Machage aligeuka akaubandika uso wake ukutani, pingu zikalia. "Nimeiba mimi!" alipiga kelele. "Bwana Inspekta, andika! Miche nimeiba mimi, yote, nimeuza Kenya! Mama asiseme kitu! Andika!"

"Anasema nini?" Inspekta alishangaa. "Ameungama. Sajini, andika."

"Anasema uongo, bwana."

"Andika!"

"Usiku ule," alianza Bhoke kule nje, "mvua ilikuwa kubwa, na mimi nilikuwa nimelala..."

"Nimeiba!" Machage alikuwa akiugonga ukuta kwa paji la uso. "Nimeiba! Nimeiba!"

Katika chumba kile Wakurya walikuwa watatu. Waisiko alikuwa ameziba masikio. Machage alikuwa ukutani. Wa tatu alikuwa Filemoni, na Swaleh alipomtazama aliona kuwa kijana ameelewa yote, ule mguu, lile bega, ule ukimya, ameelewa bila kuelezwa, kabla ya mzungu na kabla ya yeye mwenyewe mtu wa pwani kupata la kusema. Shule yote ilikuwa imemtoka usoni. Alibaki mtoto wa watu wake, anayesikia mama mzee akitaka kujivua nguo mbele ya wanaume.

"Mama, nyamaza!" Filemoni alilia, akakimbilia mlango akaufunga, akauegemea kwa mgongo. "Asiseme. Bwana Inspekta, huyu mama asiseme neno. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Miche. Niliing'oa mimi. Iko kwenye shimo la choo, nyuma ya ghala, nendeni mkatazame." Mgongo wake bado ulikuwa mlangoni. "Mchwa walikula nusu ya tuta Bwana akiwa Ulaya. Niliogopa. Kulikuwa na miche iliyoota yenyewe kwenye matunda yaliyooza, nikajazia mapengo. Nilifikiri hakuna atakayejua. Ilipoanza kuchanua kila mmoja na ua lake... Mtaalamu angeona. Bwana angeninyima Uganda. Nikasema ni Machage kwa sababu hakuwa kwake usiku ule, nilimgongea hodi mimi mwenyewe nikamkosa. Sikujua alikokuwa. Wallahi, mama, sikujua!"

Mkristo yule aliapa kiislamu bila kujisikia, na hakuna aliyecheka.

Inspekta aliketi tena. Aliuliza mara mbili yule bibi alitaka kusema nini, akiwa hakuelewa hata kidogo, na mara mbili Swaleh alimjibu kuwa ni kikongwe mgonjwa, alikuja kumwombea mkwewe, basi. Waisiko alitumwa Nkende, akarudi na ndoo inayonuka. Pingu zilitoka mikono hii zikaingia mikono ile. Lori liliondoka na abiria mwingine.

Swaleh alitoka barazani. Bhoke alikuwa bado amelala machelani, anatazama dari ya bati.

"Sijasema," alimwambia.

"Hujasema, mama."

"Nilikuwa niseme."

"Najua. Nenda nyumbani ukapumzike. Mwenye makosa amejisema mwenyewe."

"Mtoto wa nani yule?"

"Filemoni."

"Ana mama?"

"Anaye."

Bhoke akafumba macho. "Maskini," alisema, na wanaume wakaiinua machela.

Swaleh hakumtoa Machage kwa mlango wa mbele. Alimpitisha jikoni, akamfungulia kigeti cha nyuma kinachotokea kwenye mihogo, ili asikutane na machela barabarani. Machage alisimama kigetini akijisugua vifundo vya mikono. Paji lake lilikuwa linatoka damu.

"Afande, umejua nini?"

"Nimejua stroberi haipandwi kwa mbegu. Nenda kwa watoto wako."

Machage alimtazama muda mrefu, mpaka akaliona lile ambalo Swaleh alikuwa anajitahidi kulificha. Akainamisha kichwa, akaenda zake bila kuaga. Na kuanzia siku ile, kila walipokutana katika barabara za Tarime, yule mtu mkubwa aliteremsha macho akavuka akapita upande wa pili, na Swaleh naye, aliyekuwa amezoea kuamkiwa, alijifunza kutazama kwingine mpaka apite.